Msomaji Mmoja, Vitabu Vingi: Historia Fupi ya Desturi ya Kusoma Vitabu Kadhaa kwa Pamoja

1. Utangulizi

Mshika mawili, moja humponyoka. Kwa kipimo cha methali hiyo, msomaji aliyefungua vitabu vitatu mezani, asiyemaliza kimoja kabla ya kuanza kingine, ni mtu wa kuhurumiwa. Onyo hilo si jipya. Lina umri wa karibu miaka elfu mbili. Hata hivyo, historia ya usomaji inaonyesha kwamba wanachuoni kadhaa wakubwa walifanya kazi yao kwa njia hiyohiyo inayolaumiwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi desturi hiyo ilivyozuka, vyombo vilivyoiwezesha, na sababu zilizowafanya wengine waisifu na wengine waishutumu.

2. Kutoka gombo hadi kitabu

Katika Kiswahili cha zamani, neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu kabla ya kuzoeleka kwa maana ya mahali pa kusomea. Ndiyo maana mtu wa elimu huitwa mwanachuoni. Gombo la chuo, yaani kitabu cha kukunjwa, ndilo lililotumiwa na wasomaji wa Ugiriki na Roma. Msomaji alilikunjua kwa mkono mmoja na kulikunja kwa mkono mwingine. Mikono yote miwili ilishughulika, hata ikawa vigumu kusoma gombo la pili papo hapo au kuandika lolote.

Katika zama hizo za gombo, mwanafalsafa Seneca, katika barua ya pili aliyomwandikia Lucilius miaka ya 60 baada ya Kristo, alimwonya rafiki yake asirukeruke kutoka mwandishi mmoja hadi mwingine. Alimfananisha msomaji wa namna hiyo na msafiri mwenye wenyeji wengi asiye na rafiki hata mmoja. Lakini katika barua ya 84 Seneca huyohuyo aliwasifu nyuki, ambao hukusanya utomvu wa maua mengi na kuugeuza kuwa asali moja. Barua hizo mbili hazipingani. Ya kwanza inalaumu kuonjaonja. Ya pili inasifu kuyeyusha yaliyokusanywa hadi yawe mali ya msomaji mwenyewe.

Kitabu cha kurasa zilizoshonwa kilienea polepole tangu karne ya kwanza, na kufikia karne ya nne kilikuwa kimelishinda gombo. Kitabu hicho hukaa wazi juu ya meza, na mkono wa msomaji ukabaki huru. Katika karne ya tatu, huko Kaisaria ya Palestina, Origen alisimamia kazi iitwayo Hexapla, iliyopanga Agano la Kale katika safu sita: maneno ya Kiebrania, maneno hayohayo kwa herufi za Kigiriki, na tafsiri nne za Kigiriki. Shabaha yake ilikuwa kuona wapi matini zinapatana na wapi zinatofautiana. Hapo usomaji wa matini nyingi kwa pamoja haukuwa tamaa ya macho. Ulikuwa kazi ya kupima mashahidi.

3. Masomo kumi na mawili kwa siku

Mfano mwingine unatoka Damascus. Imamu Nawawi, aliyezaliwa mwaka 1233 katika mji wa Nawa huko Shamu, alifika Damascus mwaka 1251 kutafuta elimu. Mwanafunzi wake Ibn al-Attar aliandika kwamba kwa kipindi fulani Nawawi alikuwa akisoma masomo kumi na mawili kila siku mbele ya walimu wake: fikihi, hadithi, nahau, lugha na mengineyo. Katika kila kitabu aliandika maelezo ya mahali penye utata na kusahihisha maneno. Hakuwa msikilizaji tu. Kalamu yake ndiyo iliyoviunganisha vitabu hivyo.

Ibn al-Attar anasimulia pia kwamba Nawawi alitamani kujifunza utabibu, akanunua Kanuni ya Tiba ya Ibn Sina. Tangu hapo moyo wake ukaingia giza, na kwa siku kadhaa hakuweza kufanya kazi yoyote. Alipotambua chanzo chake, alikiuza kitabu kile, na nuru ikamrudia. Masomo kumi na mawili hayakumlemea, bali kitabu kimoja kilichoongezwa nje ya njia yake kilimlemea. Nawawi alifariki mwaka 1277, na kitabu chake Minhaj al-Talibin kikawa nguzo ya mafunzo ya sheria ya madhehebu ya Shafii hadi pwani ya Afrika ya Mashariki.

4. Gurudumu la mwaka 1588

Huko Ulaya, uchapaji ulioanza katikati ya karne ya kumi na tano uliongeza idadi ya vitabu kuliko ilivyowahi kuonekana. Mwaka 1588 mhandisi Mwitalia Agostino Ramelli alichapisha mjini Paris kitabu cha picha za mitambo. Picha mojawapo inaonyesha gurudumu kubwa la mbao lenye rafu kadhaa. Msomaji huketi mahali pamoja, akalizungusha, na kila kitabu humfikia kikiwa wazi, kwa kuwa magurudumu ya meno yaliyomo ndani huzuia rafu zisiinamishe vitabu vikaanguka. Ramelli alilisifu hasa kwa wagonjwa wa jongo, ambao kutembea kwao ni mateso. Haijathibitika kwamba alilijenga yeye mwenyewe, lakini magurudumu ya vitabu ya baadaye yamehifadhiwa, likiwemo lile la Wolfenbüttel nchini Ujerumani.

Mwaka huohuo, na katika mji huohuo, ilichapishwa chapa mpya ya Insha za Michel de Montaigne, iliyoongezewa juzuu ya tatu. Montaigne alikuwa amejitenga mwaka 1571 katika mnara wa nyumba yake, akiwa na vitabu vipatavyo elfu moja. Anakiri kwamba alifungua sasa hiki, sasa kile, pasipo mpango. Hakuhitaji gurudumu, rafu zilimzunguka chumbani. Kutokana na kuwagonganisha waandishi, akimweka mmoja mbele ya mwingine, alizaa namna mpya ya kuandika ambamo hakuna mwandishi wa kale anayesema peke yake bila kuhojiwa.

5. Kalamu kama kiungo

Wingi huo ulileta hofu pia. Mwaka 1545 Conrad Gessner alitoa huko Zurich orodha kubwa ya vitabu, huku akilalamikia wingi wao wenye kuvuruga. Dawa iliyopendekezwa na walimu ilikuwa daftari. Erasmus, katika kitabu chake cha mwaka 1512 kuhusu wingi wa maneno, aliwafundisha wanafunzi kupanga waliyoyasoma chini ya vichwa vya mada. Mwaka 1686 John Locke alichapisha njia yake ya kuandaa faharasa ya daftari kama hilo. Kwa hiyo mtu aliweza kusoma vitabu vingi, akawa na daftari moja.

Katika miaka ya 1970 mwanahistoria Mjerumani Rolf Engelsing alidai kwamba hadi katikati ya karne ya kumi na nane watu walisoma vitabu vichache mara nyingi, kisha wakageukia kusoma vingi mara mojamoja. Dai hilo limepingwa. Baadhi ya wasomaji wa riwaya ya Rousseau ya mwaka 1761 waliirudia kwa machozi kama wazee wao walivyorudia Biblia. Na mifano ya Nawawi na Montaigne inaonyesha kwamba vitabu vingi vilisomwa kwa pamoja zamani kabla ya mageuzi hayo.

6. Hitimisho

Kwa kifupi, desturi hii ina sura mbili. Pale vitabu vinapokaa mezani bila kuzungumza, methali inasema kweli: moja humponyoka, na pengine yote mawili. Pale ambapo kuna swali moja linaloviita, na kalamu inayovijibu, msomaji hashiki mawili. Anashika jambo moja kwa mikono miwili. Anayesoma kitabu kimoja tu juu ya jambo hana budi kumsadiki mwandishi wake au kumkataa. Anayesoma viwili kwa pamoja anaanza kuhukumu. Chuo, kwa maana ya mahali pa elimu, hakiwezi kusimama juu ya chuo kimoja, kwa maana ya kitabu.