Mnanaa (nomino, ngeli ya u-/i-)

Mnanaa ni mmea mfupi wa kudumu, wenye shina la pembe nne na majani yanayonukia yakifikichwa. Ni wa ukoo mmoja na mrehani. Jina lake la kisayansi, Mentha spicata, lilitolewa na Linnaeus mwaka 1753.

Umbo na asili. Shina nanaa lina asili ya Kiarabu. Kiambishi m- hutaja mmea. Pasipo kiambishi hicho, nanaa (i-/zi-) ni majani yatiwayo katika chai, chatini au saladi. Uhusiano huu ni ule ule wa mwembe na embe. Hivyo: Mnanaa umechipua, bali: Nanaa imekwisha, kachume nyingine.

Upandaji. Mbegu haziaminiki, kwa kuwa aina za mnanaa huchavushana na mche huweza kutofautiana na mmea mama. Kata kipande cha shina cha sentimita 10 hivi, ondoa majani ya chini, kisha kisimamishe katika maji. Mizizi ikishatoka, kihamishie udongoni, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Utunzaji. Udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji. Mashina ya mnanaa hutambaa chini kwa chini na kuisonga mimea jirani. Kwa hiyo ni salama zaidi kuupanda katika chungu au debe lililotobolewa. Chuma ncha mara kwa mara, hasa kabla ya kuchanua. Madoa ya rangi ya kutu yakionekana chini ya majani, kata mashina yenye ugonjwa na kuyateketeza. Kila baada ya miaka 2 au 3, ung’oe, uugawe na kuupanda upya.

Tanbihi ya matumizi. Peremende limetoholewa kutoka jina la Kiingereza la aina chotara ya mnanaa, lakini kwa wasemaji wengi wa Kiswahili ni pipi tu. Mfasiri anayeandika “mafuta ya peremende” kwenye chupa ya dawa humfanya msomaji afikirie kitu kitamu cha watoto, ilhali mafuta hayo ni makali na hayafai kupakwa usoni mwa mtoto mchanga. Mafuta ya nanaa ni bora: hutaja mmea wenyewe, wala hayamwiti mtoto.