Baada ya Kioo Kuondoka: Ukubwa na Vidhibiti vya Kamera tangu 1925

Mabishano yanayozuka kila inapotolewa kamera mpya isiyo na kioo cha ndani cha kurusha taswira kwenye kitazamio, iwapo umbo lake ni dogo kupita kiasi au limenenepa, iwapo vitufe vyake vinafikika bila kuondoa jicho kwenye kitazamio, na iwapo vipengele vilivyoongezwa vina manufaa au vimewekwa kwa ajili ya tangazo tu, huhesabiwa na wengi kuwa zao la zama za kidijitali. Historia ya ufundi huu inaonyesha vingine. Hoja zinazotolewa leo zilikwisha kutolewa, karibu kwa sura ileile, miongo mingi kabla ya kioo kuondolewa, na haziishi kwa sababu kioo kilikuwa chanzo kimoja tu kati ya kadhaa vilivyoifanya kamera iwe kubwa.

Dai la udogo lina asili yake kwa Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, aliyesumbuliwa na pumu na ambaye kwa hiyo alichoshwa na kamera nzito za wakati wake, zilizotumia mabamba na kusimamishwa juu ya miguu mitatu. Kufikia 1914 alikuwa ameunda kamera ya kutumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35, na picha yake akaipa ukubwa wa milimita 24 kwa 36, yaani maradufu ya fremu ya sinema. Vita vilichelewesha mpango huo, na kamera hiyo, iliyoitwa Leica, haikuonyeshwa hadharani mpaka maonyesho ya Leipzig ya 1925, ambako wataalamu wengi waliitilia shaka kwa kuwa negativu ndogo kiasi hicho ililazimu kukuzwa sana kabla ya kufaa kutazamwa. Kisichotajwa mara nyingi ni mpangilio wa vidhibiti vyake: kifundo cha kuvuta filamu kiliikaza shata papo hapo, hivyo picha mbili hazikuweza kuangukiana kwa bahati mbaya, na kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la ndani huachwa wazi ili mwanga uingie, ilichaguliwa kwenye kigurudumu kilichokaa juu, upande wa mkono wa kulia. Mahali hapo pa kigurudumu pakawa desturi ambayo hata watengenezaji wa leo huivunja kwa tahadhari.

Kioo kilikuja kutatua tatizo jingine. Katika Leica jicho halikuona kupitia lenzi, bali kupitia kidirisha cha pembeni, na jambo hilo lilipotosha mpiga picha alipokaribia sana au alipotumia lenzi ndefu. Kine Exakta, iliyotengenezwa Dresden mwaka 1936, iliweka nyuma ya lenzi kioo kilichoinama, kikarusha taswira juu. Contax S ya 1949 ikaongeza prizimu ili taswira ionekane wima na bila kugeuka kushoto kulia. Asahiflex IIB ya Japani, mwaka 1954, ikawa na kioo kilichorudi chenyewe mara tu picha ilipopigwa. Na Nikon F ya 1959 ikayakusanya hayo yote katika chombo kimoja imara. Gharama yake ilikuwa nafasi. Kioo hakiwezi kuinuka na kushuka bila uwazi wa kutosha, na kwa hiyo mdomo wa kamera, yaani sehemu inapofungwa lenzi, ulilazimika kukaa milimita 46.5 mbele ya filamu ya Nikon hiyo.

Aliyeupinga ukubwa huo kwa hoja za kiufundi zaidi ni Maitani Yoshihisa wa kampuni ya Olympus, ambaye kamera yake ilionyeshwa 1972 kwa jina la M-1, ikabadilishwa kuwa OM-1 baada ya kampuni ya Leitz kulipinga jina hilo. Kiwiliwili chake kilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo, na ili kukifupisha, mtambo wa kasi ya shata ulishushwa chini ya chumba cha kioo, jambo lililolazimu kidhibiti chake kihamie kwenye pete inayouzunguka mdomo wa kamera. Matokeo yake yanastahili kuangaliwa kwa makini. Mkono wa kushoto, uliokuwa tayari umeibeba lenzi kwa chini, sasa ulishika pete tatu zilizofuatana: ya kasi, ya fokasi, na ya kitundu cha lenzi, ambacho upana wake huamua kiasi cha mwanga unaopita. Mkono wa kulia ukabaki na kazi ya kubofya na kuvuta filamu. Waliozoea kigurudumu cha juu walikikuta mahali pake pa zamani, lakini kikiwa cha kupangia wepesi wa filamu. Udogo, kwa maneno mengine, haukupatikana bila kuwafundisha watu upya, na si wote waliokubali kufundishwa.

Mvutano wa pili, wa vidhibiti vyenyewe, ulianza na Minolta 7000 ya 1985, iliyojitafutia fokasi kwa mota ya ndani na kuondoa vigurudumu vyenye namba, ikaweka vitufe na skrini ndogo ya maandishi. Mwaka uliofuata Canon T90 ilileta gurudumu lisilo na namba chini ya kidole cha shahada, ambalo kazi yake hubadilika kulingana na kitufe kilichobonyezwa. Tangu hapo zikawapo itikadi mbili: moja inayotaka kila kazi iwe na mahali pake palipoandikwa, na nyingine inayotosheka na magurudumu machache yenye kazi nyingi.

Itikadi hizo zilikuwa zimekwisha kukomaa pale Panasonic, kwa mfumo iliouasisi pamoja na Olympus, ilipotoa Lumix G1 mwaka 2008. Ilikuwa kamera ya lenzi za kubadilisha isiyo na kioo wala prizimu, ambayo kihisi chake, yaani kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu, kilipeleka taswira moja kwa moja kwenye skrini ndogo ndani ya kitazamio. Cha ajabu ni kwamba ilihifadhi nundu ya juu, kana kwamba prizimu ingalimo. Sony ilichukua njia iliyo kinyume: NEX-5 ya 2010 ilikuwa nyembamba kuliko lenzi zake, yenye vitufe vichache mno, na karibu kila mpangilio ulizikwa ndani ya menyu, kosa ambalo lilirekebishwa katika NEX-7 kwa magurudumu matatu. Fujifilm ilirudi nyuma makusudi kwa X100 ya 2011, ambayo namba za kasi na za kitundu zilisomeka hata kamera ikiwa imezimwa. Walioiita pambo la ukale walikosea kwa sehemu, kwa kuwa mpangilio huo humfaa anayetafakari picha moja moja. Anayefuata mpira uwanjani, jicho lake likiwa halitoki kwenye kitazamio, huhudumiwa vizuri zaidi na urithi wa T90.

Sony A7 ya 2013 ilionekana kumaliza hoja ya ukubwa, kwani iliweka kihisi cha milimita 24 kwa 36 katika mwili wenye gramu 474 pamoja na betri. Lakini kuondoa kioo kulipunguza umbali wa mdomo tu, na jambo hilo lilisaidia hasa lenzi za pembe pana. Lenzi inayopaswa kukifunika kihisi kizima kwa mwanga mwingi bado ilihitaji vipande vikubwa vya glasi, na ile ya Sony ya milimita 24 hadi 70 ya mwaka 2016 ikafikia gramu 886. Mshikio mwembamba haukuweza kuubeba mzigo huo bila kuumiza vidole. Betri nayo, iliyolisha kihisi na skrini muda wote, iliisha haraka, hivyo 2017 Sony ikaleta yenye uwezo zaidi ya maradufu. Kufikia A7 IV ya 2021 uzito ulikuwa umepanda hadi takribani gramu 658.

Mwaka 2018 Nikon na Canon ziliingia kwa kishindo katika kamera zisizo na kioo zenye kihisi cha milimita 24 kwa 36, na lawama zikageukia mambo madogo: Nikon Z6 na Z7 kwa nafasi moja tu ya kadi ya kumbukumbu, na Canon EOS R kwa kipande cha kugusa nyuma ya mwili, kilichoguswa bila kukusudiwa. Safari hii wapiga picha walisikilizwa. Mwaka 2020 Nikon iliongeza nafasi ya pili katika matoleo yaliyofuata, na Canon R5 na R6 hazikuwa na kipande kile.

Jina la OM-1 lilirudi 2022, chini ya kampuni iliyorithi kamera za Olympus. Bila betri, kiwiliwili chake kina uzito wa karibu nusu kilo, sawa na kile cha Maitani, ingawa hakina kioo, na eneo la kihisi chake ni takribani robo tu ya eneo la picha ya filamu katika OM-1 ya kwanza.