Mwigizaji kama Mtunzi: John Kani na Winston Ntshona katika Historia ya Tamthilia ya Afrika Kusini

Katika orodha za maktaba nyingi, mchezo wa Sizwe Banzi is Dead huwekwa chini ya jina la Athol Fugard. Mwanafunzi autafutaye huuona kati ya tamthilia za Mzungu huyo wa Port Elizabeth, na wahakiki wengi wameujadili kana kwamba ulitoka katika kalamu yake peke yake. Hata hivyo, toleo la kwanza la kitabu, lililochapishwa na Oxford University Press mwaka 1974, lataja watungaji watatu: Fugard, John Kani na Winston Ntshona. Wawili hawa wa mwisho walikuwa waigizaji. Katika mazungumzo yao mengi ya hadharani kuhusu kazi yao, walirudi mara kwa mara kwenye jambo moja, nalo ni kwamba maneno waliyoyasema jukwaani hawakupewa na mtu. Makala haya yanakusudia kulichunguza dai hilo, kwa sababu lagusa swali linalowahusu wanafunzi wote wa fasihi ya Kiafrika: je, mtu atungaye kwa kinywa na kiwiliwili mbele ya hadhira ni mtunzi, au ni chombo tu cha yule ashikaye kalamu?

Kani na Ntshona walikulia New Brighton, mtaa wa Waafrika nje ya mji wa Port Elizabeth, wakasoma pamoja katika shule ya sekondari ya Newell. Mwaka 1963 wakazi kadhaa wa New Brighton walimwendea Fugard wakimwomba awasaidie kuanzisha kundi la michezo ya kuigiza. Ndipo likazaliwa kundi la Serpent Players, ambalo jina lake lilitokana na mahali pao pa mwanzo, palipokuwa zamani shimo la kufugia nyoka. Wanachama walikuwa makarani, walimu, watumishi wa nyumbani na vibarua, watu waliofanya mazoezi usiku baada ya kazi ya mchana kutwa. Polisi waliwaandama tangu mwanzo. Kani alijiunga mwaka 1965, kundi lilipokuwa likitayarisha Antigone ya Sophocles, na Ntshona akamfuata baadaye.

Tayari katika siku hizo maisha ya kila siku ndiyo yaliyokuwa ghala ya kundi. Mke wa mwenzao mmoja alikwenda Cradock kuhudhuria kesi ya mumewe. Hapo mahakamani, mzee mmoja wa New Brighton aliyekwisha kuhukumiwa alivua koti lake akampa mama yule, amfikishie mkewe nyumbani. Kutokana na koti hilo kundi lilitunga mchezo mwaka 1966, uitwao The Coat, kwa kujiuliza tu: mke yule alilifanyia nini koti la mumewe? Hapakuwa na mswada wowote. Waigizaji walipewa hali, nao wakaijaza kwa waliyoyajua.

Mwaka 1972 Kani na Ntshona waliamua kuacha ajira zao na kuifanya sanaa kuwa kazi ya kuwalisha. Kwa Mwafrika wa Afrika Kusini ya wakati ule, jambo hilo halikuwa na nafasi katika sheria. Sheria ya mwaka 1952 ilimlazimu kila Mwafrika mtu mzima kubeba kitabu kilichoonyesha jina lake, mahali aliporuhusiwa kuishi, na sahihi ya mwajiri wake. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu hapa, kwani wazee wake walibeba kipande tangu mwaka 1920, nacho pia kilikuwa na nafasi ya mwajiri. Asiye na mwajiri alikuwa mzururaji, na mzururaji aliweza kufukuzwa mjini. Kazi ya uigizaji haikutambuliwa kuwa kazi ya Mwafrika. Basi njia iliyopatikana ni kuwaandikisha wote wawili kuwa watumishi wa nyumbani wa Fugard. Kani amekisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara wasikilizaji hucheka. Lakini yafaa kukitazama bila kicheko. Wale wawili walikuwa wakiigiza hata mbele ya karani wa serikali, na vipande vyao vilikuwa tamthilia fupi ambayo polisi aliisoma akaiamini.

Si ajabu, basi, kwamba mchezo wao wa kwanza mkubwa ulihusu kipande. Sizwe Banzi, mtu aliyetoka King William's Town bila kibali cha kukaa Port Elizabeth, anaikuta maiti ya mtu aitwaye Robert Zwelinzima, ambaye kitabu chake kina kibali. Rafiki yake Buntu amshauri abandike picha yake katika kitabu cha marehemu, alizike jina lake mwenyewe na aishi kwa jina la maiti. Mbegu ya mchezo ilikuwa picha moja tu aliyoiona Fugard, picha ya mtu aliyejaa tabasamu. Lakini mbegu si mti. Sehemu ndefu ya mwanzo, ambamo Styles mpiga picha aeleza siku ambayo Henry Ford mdogo alitembelea kiwanda cha magari, ilitoka kwa Kani, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha Ford. Styles huanza kwa kusoma gazeti, na gazeti hilo lilikuwa la siku ileile ya onyesho, hivi kwamba Kani aliweza kuurefusha mwanzo kwa kadiri ya habari za siku na joto la hadhira. Mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa The Space, Cape Town, tarehe 8 Oktoba 1972, haukuwa na mswada uliokamilika. Kwa polisi waliotaka kusoma kabla ya kutazama, hapakuwa na cha kusoma.

Ulipoletwa katika ukumbi wa St Stephen's huko New Brighton, jambo lilitokea ambalo Fugard mwenyewe alilieleza kwa mshangao. Sizwe alipokuwa akisitasita juu ya kitabu cha marehemu, watazamaji waliingilia kati. Baadhi walimsihi akichukue, wengine wakakataa, na mjadala ukawaka baina yao wenyewe huku waigizaji wakingoja. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, hili si jipya. Hivyo ndivyo fanani na hadhira walivyohusiana daima. Jipya ni kwamba jambo hilo lilitokea ndani ya kazi ambayo baadaye iliitwa, katika vitabu, tamthilia ya mwandishi mmoja.

Mchezo wa pili, The Island, ulizaliwa mwaka 1973 kwa namna inayofanana. Fugard alitandika blanketi sakafuni akawataka wasimame juu yake, akalikunja nusu, akalikunja tena, hata wasiweze kusogea. Waigizaji ndio waliotambua kwamba pale ni seli, na kwamba seli hiyo iko katika kisiwa cha Robben. Habari za kisiwa walizijua kutoka kwa wenzao waliofungwa huko, kati yao mmoja wa Serpent Players aliyewaigizia wafungwa wenzake Antigone kwa muhtasari. Kwa kuwa sheria ya magereza ya mwaka 1959 ilizuia habari za magerezani kutangazwa, mchezo ulipewa kwanza jina la Die Hodoshe Span, yaani kikosi cha Hodoshe. Hodoshe katika Kixhosa ni inzi wa mizoga. Wafungwa walikuwa wamempa jina hilo askari jela mmoja.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye suala la lugha. Katika Kixhosa, isizwe ni taifa, na banzi ni pana. Anayejua lugha hiyo asikia katika jina la mhusika huyu maskini taifa zima, na kichwa cha mchezo humwambia kwamba taifa pana limekufa. Toleo la mwaka 1974 liliandika Bansi, kwa herufi s, na maana yote ikapotea. Kosa hilo dogo limerudiwa katika matoleo na makala nyingi. Mwenye kalamu akikosea, mwenye kinywa hubaki akisahihisha kila anapolitamka jina.

Mafanikio yalikuja upesi. Michezo yote miwili ilikwenda London, kisha New York mwishoni mwa mwaka 1974, na mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa kwa pamoja tuzo ya Tony ya mwigizaji bora. Tuzo hiyo haikubadili kitabu cha mfukoni, na sheria za vitabu hivyo hazikufutwa hadi mwaka 1986. Mnamo Oktoba 1976, baada ya kuonyesha Sizwe Banzi huko Butterworth, Transkei, walitiwa kizuizini, wakaachiliwa baada ya malalamiko kutoka nchi za nje. Mwaka 1978 wote wawili walionekana katika filamu ya The Wild Geese, inayohusu askari wa kukodiwa, ambamo Ntshona ni rais wa Kiafrika aliyepinduliwa. Mtu aweza kuilinganisha nafasi hiyo na ile ya Sizwe, akaona tofauti baina ya kuandikiwa na kujitungia.

Baadaye njia zao zilitofautiana. Kani aliigiza Othello katika Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, na baadhi ya watazamaji Weupe waliondoka ukumbini kwa hasira. Mwaka 2002 alitoa Nothing but the Truth, tamthilia aliyoiandika peke yake, ambayo ndani yake mna kivuli cha ndugu yake aliyeuawa na polisi mwaka 1985. Mhusika wake mkuu ni msaidizi wa mkutubi anayengojea cheo. Ntshona hakuandika tamthilia yenye jina lake pekee iliyopata sifa kama hiyo, na kwa sababu hiyo wahakiki humtaja kidogo, ingawa ndiye aliyempa Sizwe ule ukimya wake mzito, ambao hauwezi kuandikwa. Walirudi pamoja jukwaani katika michezo hiyo miwili wakiwa watu wazima sana, miongo mitatu baada ya onyesho la kwanza. Ntshona alifariki mwaka 2018.

Tabia ya mtunzi haikumtoka Kani. Alipoitwa kuwa mfalme T'Chaka katika filamu ya Kimarekani ya Captain America: Civil War, iliyotoka mwaka 2016, maneno aliyopewa ya kuzungumza na mwanawe yalikuwa ya Kiingereza. Aliwauliza waongozaji kwa nini baba Mwafrika aseme na mwanawe kwa lugha ya kigeni wakiwa wawili tu. Kani akayasema kwa Kixhosa, Chadwick Boseman akajifunza ya kumjibu, na tangu hapo Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda.