Kupima Muda wa Mwitiko: Kutoka Greenwich hadi Fort Ternan

Mwaka 1796 Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa Mfalme huko Greenwich, alimwachisha kazi msaidizi wake David Kinnebrook kwa sababu alichelewa kwa sehemu nane za kumi za sekunde kuandika mpito wa nyota. Baadaye Bessel alidhihirisha kuwa kila mtazamaji ana tofauti yake, na mwaka 1868 Donders wa Utrecht akaifanya tofauti hiyo kipimo cha kazi za akili.

Kompyuta imerithi kipimo hicho pamoja na hila zake. Neno halionekani palepale programu iamurupo. Skrini ibadilishayo picha mara 60 kwa sekunde hupokea neno kila baada ya milisekunde 16.7 tu, amri ikichelewa kidogo, neno hungoja zamu ifuatayo, ilhali saa imekwisha kuanza kuhesabu. Hapana budi saa ianzishwe na zamu ya skrini yenyewe, maadamu tofauti zinazotafutwa katika usomaji wa maneno huwa mara nyingi ni makumi machache ya milisekunde.

Kosa la mtambo, hata hivyo, ni jepesi kusahihishwa. Sara Harkness na Charles Super, waliochunguza kijiji cha Kokwet katika nchi ya Wakipsigis, walieleza mwaka 1977 kwamba mtoto aliyefunzwa kusikia na kutii, wala si kusimulia mbele ya wakubwa, hunyamaza akipimwa. Mtoto wa Fort Ternan asemaye Kikipsigis nyumbani, akionyeshwa neno la Kiswahili na mgeni, atahesabiwa pia muda wa kumtazama mgeni huyo kabla ya kubonyeza.