Nilisema apdeti ni utapeli. Nimekuja kujirekebisha

Wasee, mnakumbuka ile video yangu ya "Acha kuapdeti simu, wanakuharibia makusudi"? Niliirusha nikiwa na hasira kwa sababu simu yangu ilianza kukwama baada ya apdeti. Nikamaliza na maneno makali: kitu kikifanya kazi, usikiguse. Ikasambaa vibaya sana. Chini kwa maoni jamaa mmoja akaandika tu, "Kasome kilichofanyika Juni 2019 ndio urudi."

Nilimpuuza kama wiki mbili hivi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na somo la mifumo endeshi nilikuwa nalala ndani yake, kwa hivyo maneno kama hayo hunigusa pabaya. Halafu usiku mmoja stima zikapotea, nikaanza kusoma. Nikasoma hadi betri ikaisha.

Ndani ya simu yako ya Android, na ndani ya seva karibu zote unazotumia kila siku, kuna keneli inaitwa Linux. Programu ikitaka kuongea na mtandao, inaiomba keneli soketi, yaani mlango wa kutokea. Keneli ndiyo inakata meseji yako vipande, inatuma, inahesabu vilivyofika, na inarudia vilivyopotea.

Kuna ujanja wa kurudia unaitwa SACK, uliandikwa rasmi 1996. Badala ya mpokeaji kusema "sijapata, tuma zote tena", anasema "nimepata cha 1, 2, 4 na 5, nitumie cha 3 tu." Akili, ama? Inaokoa bando.

Sasa, Juni 17, 2019, Jonathan Looney wa Netflix akatangaza kwamba ujanja huo una shimo kwenye Linux. Hesabu yenyewe hata mtu wa Form One anaweza kuifanya. Furushi moja la data ndani ya keneli linaweza kubeba sehemu 17, kila sehemu kilobaiti 32. Mtu mbaya akikulazimisha ukate vipande vidogo kabisa, kila kipande kinabaki na baiti 8 za data. Piga hesabu: vipande 69,632. Na kihesabu kilichowekwa pale ni cha biti 16, mwisho wake 65,535. Kikipita hapo kinarudi sifuri, keneli inaona hesabu haziingiani, inajiangusha yenyewe. Seva nzima chini, kwa pakiti chache kutoka kwa mtu aliye mbali ambaye hata nenosiri hana. Na shimo hilo lilikuwepo tangu toleo 2.6.29, la 2009. Miaka 10 kila kitu "kinafanya kazi"!

Hapo ndipo nilianza kumeza maneno yangu.

Lakini kilichonishika zaidi ni kilichofuata. Dunia haitumii keneli moja. Siku hiyo hiyo viraka vilitoka kwa matoleo matano: 4.4, 4.9, 4.14, 4.19 na 5.1. Hiyo 4.4 ilikuwa ya Januari 2016. Kuchukua kiraka kilichoshonwa kwa keneli mpya na kukirudisha kwenye ya zamani ni kama kwenda Grogan na spea ya gari la 2019 utake iingie kwa gari la 2016. Bolti hazikutani. Fundi lazima aichonge.

Kazi hii ilianza kupangwa Machi 2005. Watu walikuwa wamechoka, kila keneli mpya inakuja na vituko vyake, ndipo Greg Kroah-Hartman na Chris Wright wakaanza kutoa matoleo ya marekebisho tu, la kwanza likiwa 2.6.11.1. Sheria zao ni kali: kiraka kisizidi mistari 100, kirekebishe kitu kimoja, kiwe tayari kimeingia kwenye keneli kuu, na kiwe sahihi waziwazi.

Sahihi waziwazi. Shikilia hayo maneno.

Pamoja na shimo la kihesabu kulikuwa na dada yake, njia ya kuichosha seva kwa kuilazimisha ikate data hadi kumbukumbu ijae. Eric Dumazet wa Google akaweka kikomo. Kumbe kuna programu halali zinazojiwekea bafa ndogo sana ya kutuma kwenye soketi zao, na kikomo kikawa kinazifungia njia. Kabla Juni haijaisha, kiraka juu ya kiraka. Julai, cha tatu, kwa sababu pakiti ikipotea soketi hizo bado zilikuwa zinaganda.

Na hicho cha tatu ndicho kilinimaliza. Kwenye keneli kuanzia 4.15, vipande vilivyotumwa vikisubiri jibu vina foleni yao. Kabla ya hapo vilikuwa foleni moja na vile ambavyo havijatumwa. Kwa hivyo kwa matoleo ya zamani ikabidi waandike kamsimbo ka mistari michache: mtafute wa kwanza ambaye hajatumwa, rudi hatua moja, huyo ndiye wa mwisho aliyetumwa. Sawa kabisa. Isipokuwa kama hakuna hata mmoja aliyetumwa! Ukirudi hatua moja unashika hewa, na keneli inaanguka. Agosti ikaletwa dawa ya dawa, kwa keneli nzee peke yake. Ile mpya haikuwahi kuugua ugonjwa huo.

Kwa hivyo nikiri: sikukosea kila kitu. Apdeti inaweza kukuvunjia kitu, na hapa ilivunja. Nilichokosea ni kufikiri kwamba keneli nzee iliyotulia imetulia kwa sababu hakuna anayeigusa. 4.4 ilifika toleo la 302 ndipo ikafungwa Februari 2022. Mara 302 kuna mtu aliigusa! Miaka sita hiyo iliombwa na watu wa Android ili simu zisiachwe. Mwaka wa 2023 ikatangazwa muda unarudi miaka miwili, kwa sababu wanaoibeba kazi hii ni wachache na wamechoka.

Video nimeitoa. Halafu nikaenda kwa mipangilio ya simu yangu, sehemu ya kuhusu simu, nikatafuta toleo la keneli. Inasema 4.14.117. Kiraka cha Juni 17 kiliingia 4.14.127. Labda kampuni ilikishona kimyakimya bila kubadilisha nambari, huwa wanafanya hivyo. Nimewaandikia kuuliza. Hii ni wiki ya tatu.