Sometimes in April: ndugu wawili, redio na mahakama ya Arusha

Ukitaja filamu kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, wengi wanakumbuka moja tu: Hotel Rwanda ya 2004. Ni filamu nzuri, sikatai. Lakini sehemu kubwa ilirekodiwa Afrika Kusini, na inaishia pale watu wanapookoka. Kama unataka kuona kinachofuata, yaani siku aliyesalitiwa anapokaa uso kwa uso na aliyemsaliti, tafuta Sometimes in April.

Ilitoka 2005. Muongozaji ni Raoul Peck, Mhaiti aliyewahi kuishi Kongo utotoni na ambaye tayari alikuwa ametengeneza Lumumba. Yeye alikwenda kurekodi Rwanda kwenyewe.

Idris Elba, kabla hajawa staa mkubwa, anacheza Augustin, kapteni wa jeshi. Yeye ni Mhutu, mkewe Jeanne ni Mtutsi. Aprili 1994, baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa, Augustin anamwomba ndugu yake Honoré amvushe Jeanne na watoto kwenye vizuizi vya barabarani. Kwa nini Honoré? Kwa sababu ni mtangazaji wa RTLM. Sauti yake inajulikana, wanamgambo watamwachia apite.

Yaani familia inakabidhiwa kwa mtu ambaye redio yake ndiyo inayochochea wauaji.

Miaka kumi baadaye Augustin ni mwalimu, na bado hajui vizuri walikufaje. Barua inaingia: Honoré yuko mahabusu Arusha, anataka waonane. Augustin anasafiri, anafika, halafu anakaa hotelini akisitasita. Kwangu hapo ndipo filamu ilipo, kuliko hata matukio ya mapanga. Anataka kujua, na anaogopa kujua.

Honoré ni mhusika wa kubuni, ila mahakama ile ilikuwepo kweli. Umoja wa Mataifa uliiunda Novemba 1994, ikafanya kazi Arusha, kwenye majengo ya AICC, hadi ilipofungwa Desemba 2015. Ilifungulia mashtaka watu 93. Na kesi ya wanahabari nayo ni ya kweli: Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, walitiwa hatiani. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hakuna aliyeachiwa huru. Kwa hiyo Honoré akijitetea kwamba hakuua mtu kwa mkono wake, jibu la kisheria lilishatoka Arusha.

Kuna tukio la shule ya wasichana. Wanajeshi wanaamuru Wahutu wakae upande mmoja na Watutsi upande mwingine, wasichana wanakataa kutengana. Jiandae kabla ya kulitazama, na watoto wasiwepo sebuleni.

Ukipata muda ongeza Shooting Dogs, ya 2005 pia. Hii inahusu usaliti wa aina nyingine. Tarehe 11 Aprili 1994 wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka shule ya ufundi ya ETO, Kigali, wakawaacha zaidi ya watu 2,000 na wauaji wako nje ya geti. Filamu ilirekodiwa palepale shuleni, na baadhi ya walionusurika walifanya kazi kwenye utengenezaji wake. Kasoro yake ni kwamba mashujaa wakuu ni Wazungu wawili, wakati Wanyarwanda wenyewe wanabaki nyuma.

Peck hakufanya hivyo. Kwake hata Gacaca, zile mahakama za kijiji zilizokaa kwenye majani, zina nafasi, na anayesimama kusema yaliyompata ni mwanamke wa hukohuko.

Ina urefu wa saa mbili na dakika 20 hivi. Usiianze usiku sana.