Khiyari ya Aibu: Haki ya Mnunuzi wa Nyumba Katika Miji ya Pwani

Nyumba ya mawe ya pwani huficha mengi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, na dari yake huchukuliwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uamuao upana wa chumba. Boriti hizo huoza kwanza kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani na kunywa unyevu. Na pale ndipo jicho lisipofika. Mwenye nyumba akitaka kuuza, mwashi mmoja na siku chache za kazi zatosha: nyufa huzibwa, lipu mpya hupigwa, chokaa hupakwa, ukuta ukang'aa. Mnunuzi huja wakati wa kiangazi, akapendezwa, akalipa. Masika yashukapo ndipo ajuapo alichokinunua.

Mtu huyu alikuwa na haki gani? Katika miji kama Unguja, Mombasa na Lamu swali hili lilipata majibu mawili, moja baada ya jingine, na tofauti iliyo baina yao ni kubwa kuliko idhaniwavyo kwa kawaida.

Jibu la kwanza ni la fiqhi ya madhehebu ya Shafi, ambayo wenyeji wengi wa pwani huifuata. Kitabu kilichotegemewa sana na wanazuoni wake ni Minhaj al-Talibin cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Humo mna mlango wa khiyari, yaani haki ya kuithibitisha bei au kuivunja. Moja katika khiyari hizo ni ile ya aibu. Neno hili lisimpoteze msomaji. Katika Kiarabu cha fiqhi aibu ni upungufu wa kitu chenyewe: kovu la mnyama, tobo la nguo, ufa wa ukuta. Kiswahili kimelichukua neno hilo na kulihamisha kutoka katika kitu hadi katika uso wa mtu, likawa fedheha. Na kwa upungufu wa kitu kikabaki na neno ila, ambalo nalo ni la Kiarabu (si ile ila ya kutoa katika idadi, ambayo asili yake ni nyingine). Khiyari nayo imekuwa hiari, na watu wengi waitamkao leo hawakumbuki kwamba iliwahi kuwa neno la sokoni na la mahakamani.

Khiyari hii isichanganywe na ile ya bei khiyari, iliyoenea sana Unguja katika karne ya 19, ambapo mwenye shamba au nyumba aliuza kwa sharti la kuikomboa mali yake akirudisha fedha. Hiyo kwa kweli ilikuwa njia ya kukopa.

Khiyari ya aibu yahitaji mambo machache. Ila iwe imekuwapo kabla mnunuzi hajakabidhiwa; iwe yapunguza kitu au thamani yake; na iwe si ya kawaida katika vitu vya jinsi ile. Basi. Haiulizwi kama muuzaji aliijua. Muuzaji aliye mkweli, aliyeirithi nyumba kwa baba yake asijue kwamba boriti zimeoza, hurudishiwa nyumba yake sawasawa na yule aliyezifunika kwa lipu. Hila ina mlango wake peke yake, na mfano wake mashuhuri ni kondoo aliyefungwa chuchu siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Nawawi aongeza maji ya mfereji yaliyozuiwa kisha yakaachiliwa wakati wa kuuza, na nywele zilizotiwa rangi nyeusi. Ukuta uliopakwa chokaa ili ufa usionekane hauko mbali na mifano hiyo.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni hukumu ya muuzaji asemaye, "Nauza kama ilivyo, sina dhamana ya ila yoyote." Kwa kauli yenye nguvu katika Minhaj, sharti hilo humwokoa katika jambo moja tu, nalo ni ila iliyojificha ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Katika nyumba halimfai kitu.

Walakini mnunuzi naye hakuachiwa alegee. Haki yake ni ya papo hapo, kwa kadiri ya desturi: aliyeijua ila akiwa anasali au anakula aweza kumaliza, na aliyeijua usiku aweza kungoja kupambazuke. Akiendelea kukitumia kitu kama kwamba hakuna jambo, haki imempotea. Kodi aliyoipokea kwa wapangaji kabla ya kurudisha nyumba ni yake. Lakini wakishindana kama ila ni ya zamani au imezuka mikononi mwa mnunuzi, asadikiwaye ni muuzaji kwa kiapo chake, isipokuwa hali ya kitu chenyewe imkanushe. Hapo ndipo palipokuwa na uzito kwa mwenye nyumba iliyooza. Kwa bahati njema boriti iliyoliwa na mchwa chini ya lipu ya mwezi uliopita hujishuhudia yenyewe, na fundi yeyote aweza kuisoma.

Je, mnunuzi akibomoa ili aone? Ila mpya ikizuka kwake, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kuirudisha nyumba. Hupata arshi, yaani sehemu ya thamani iliyopungua. Hesabu yake hufuata uwiano, si tofauti ya bei. Nyumba nzima ikiwa ya riale 1,000, na yenye ila ikiwa ya 800, upungufu ni moja katika tano. Aliyenunua kwa 900 atarudishiwa 180. Lakini kuna vitu ambavyo ila yake haijulikani mpaka vivunjwe, na hapa Nawawi, aliyeishi Sham, ataja yai, tikiti, na nazi. Aliyevunja nazi akaiona mbovu huirudisha wala halipi kitu, maadamu hakuvunja zaidi ya ilivyohitajiwa. Kwa kipimo hicho, aliyechimbua lipu kiasi cha kiganja ili aone ncha ya boriti si sawa na aliyeangusha dari nzima.

Jibu la pili lililetwa na utawala wa Kiingereza. Katika Himaya ya Afrika Mashariki, iliyoitwa Kenya baadaye, sheria kadhaa za Bara Hindi zilitiwa nguvu kwa amri ya mwaka 1897. Sheria ya Kiingereza yenyewe ilikuwa kavu katika jambo hili: mnunuzi afungue macho, na muuzaji anyamazaye hana kosa. Sheria ya Mapatano ya Bara Hindi ya mwaka 1872 yatoa mfano wa farasi mgonjwa anayeuzwa mnadani: muuzaji ajuaye akinyamaza hakudanganya, ila kama mnunuzi ni binti yake aliyebaleghe juzi. Hata hivyo, Sheria ya Uhamisho wa Mali ya mwaka 1882, kifungu cha 55, haikuwa kali hivyo. Ilimlazimisha muuzaji wa ardhi na nyumba kumfunulia mnunuzi ila kubwa aijuayo yeye, ambayo mnunuzi haijui wala hawezi kuigundua kwa uangalifu wa kawaida. Na kunyamaza hapo kukahesabiwa kuwa udanganyifu.

Kwa mtazamo wa haraka majibu haya mawili yafanana. Lakini kifungu cha 55 chaanza kwa kusema kwamba hayo ni pale pasipo mapatano kinyume chake, hivyo lile sharti la "kama ilivyo" likapata nguvu ambayo kadhi hakuipa. La pili ni zito zaidi. Mbele ya kadhi mnunuzi alipaswa kuthibitisha hali ya ukuta. Mbele ya hakimu mpya akapaswa pia kuthibitisha yaliyokuwa moyoni mwa muuzaji. Shahidi wa kwanza ni mwashi. Shahidi wa pili ni nani?

Kenya iliiacha Sheria ya Mapatano ya Bara Hindi mwaka 1961, ikafuata ile ya Kiingereza. Tanganyika mwaka huo huo ikaiandika upya kwa jina lake. Sheria ya mwaka 1882 ilifutwa Kenya mwaka 2012. Makadhi wa Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, huhukumu mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu baina ya Waislamu waliokubali kufika mbele yao. Bei ya nyumba haimo. Mlango wa khiyari haujatoka kitabuni, na mwanafunzi afikaye hapo bado hukutana na kondoo aliyefungwa chuchu, mfereji uliozuiwa, na nazi mbovu iliyovunjwa.